Kuku Kumi na Wawili wa Bi Chausiku

Chupa niliiona kabla sijapewa hata kiti. Nilikuwa nimefika Tandika kwenye arobaini ya Bi Chausiku, nyumba ileile niliyopanga chumba nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Turubai lilikuwa limekula barabara yote, na pilau ilinukia kiasi cha kumwamsha mtu aliyelala Kigamboni. Mjukuu wa marehemu, Shabani, ambaye mwaka ninaotaka kuusimulia alikuwa hajazaliwa, akanivuta kando ya tangi la maji, na kanzu yake imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia maandazi. Akatoa mfukoni chupa ya plastiki yenye maji ya kijani. Kwenye lebo palikuwa na picha ya bibi yake amejitanda kanga, na chini yake maandishi makubwa: DAWA YA KIDERI YA BI CHAUSIKU. ASILIA. INATIBU NA KUKINGA. Kideri, kwa asiyefuga, ni ugonjwa wa virusi unaoua kuku. Ukiingia mtaani Jumatatu, Ijumaa unasikia ukimya, na jogoo wa kukuamsha Jumamosi hayupo. Shabani akaniambia, kwa adabu zote, "Anti Pili, wewe siku hizi ni mtu mkubwa kule maabara. Nataka barua yako moja tu. Useme dawa ya bibi ilijaribiwa."

Ilijaribiwa. Hapo hakusema uongo. Aliyekuwa anahesabu kuku ni mimi.

Ya ukoo wangu tuyaache, kila mtu ana ukoo na wa kwangu hauna habari mpya. Nianzie chumbani. Nyumba ya Bi Chausiku ilikuwa na vyumba sita na korido katikati, na kuta zake ziliishia chini ya bati bila dari, kwa hiyo mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha sita wanamwombea afya. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, upande wa banda la kuku, na kilikuwa kidogo hivi kwamba nikitaka kugeuka kitandani natoka kwanza nje nageuka halafu naingia. Lakini nilikipenda. Asubuhi Bi Chausiku alikuwa akigonga ukuta kwa mwiko, mara mbili, maana yake chai ipo, na kwenye kibaraza nakuta mihogo ya kuchemsha na chachandu kali ya kumtoa mtu machozi ya misiba yake yote kwa mpigo. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa pale pale, Mzaramo aliyezaliwa Tandika kabla Tandika haijawa na lami, mrefu, mwenye sauti ya kuitia watu soko zima. Kuku wake aliwafuga kama watu wengine wanavyofuga wajukuu. Na dawa aliitengeneza kwenye sufuria moja jeusi nyuma ya choo: mwarobaini, shubiri, pilipili kichaa, na mzizi mmoja ambao aliuchimba mwenyewe na jina lake hakumtajia mtu. Mtaa mzima ulikuja na vikopo. Kuku akilegea, kwa Bi Chausiku.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha chupa. Upande wa Yombo palikuwa na godauni la zamani lililopakwa rangi nyeupe, sie tuliliita kituo, na humo ndani watafiti walifanya utafiti wa magonjwa ya virusi vya mifugo. Mwaka ule niliosha chupa ambazo zingetosha kumnywesha soda kila mkazi wa Temeke na Ubungo wakaletewa zilizobaki. Ikifika saa kumi na moja jioni navua koti la kazini, nakimbia darasani. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni kwenye shule ya msingi, watu wazima thelathini tumekaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yako masikioni, tunatafuta cheti cha kidato cha nne ambacho mchana kilitukimbia. Watu walituita wasindikizaji. Konda mmoja aliyesoma nasi aliwahi kuniambia kwamba tofauti yetu na wanafunzi wa mchana ni kwamba sie tukisinzia darasani tuna sababu.

Dokta Mallya ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti. Kijana, mpole, shati jeupe, ametoka kwao Kilimanjaro na shahada za kutosha kubandika ukuta mzima. Na nimtendee haki: alikuwa mtu wa kwanza mwenye shahada niliyemwona anamwendea Bi Chausiku bila kucheka. Alisema wakubwa zake wanadharau mitishamba bila kuijaribu, na wauza mitishamba wanaisifu bila kuijaribu, na yeye anataka kuijaribu. Siku ya mkutano kwenye ofisi ya mtaa alieleza kwamba vichochoro vitatu vitaingia kwenye jaribio. Kuku wa kichochoro kimoja watapewa chanjo ya kideri, tone moja jichoni. Wa kichochoro cha pili watanyweshwa dawa ya Bi Chausiku. Wa kichochoro cha tatu watapewa maji ya rangi tu, ili ijulikane asiyepata kitu anakuwaje. Kichochoro kipi kipate nini, itapigwa kura kwa vikaratasi kwenye bakuli. Bi Chausiku akatia mkono, akatoa karatasi ya kichochoro chake mwenyewe. Chanjo.

Aliiangalia ile karatasi kama mtu aliyepewa mkono wa kushoto. "Yaani mie mwenye dawa," alisema, "kuku wangu watiwe maji ya dukani machoni, na dawa yangu wanywe kuku wa wengine?"

Dokta akamwambia hiyo ndiyo haki ya utafiti, mama.

"Haki gani hiyo isiyomjua mwenyewe."

Lakini alikubali, maana alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba haogopi. Dawa ikaangukia kichochoro cha nyuma ya msikiti, ambako mashoga zake wote walikuwa wanaishi, na maji yakaangukia ng'ambo ya mtaro mkubwa. Tukawafunga kuku nyuzi miguuni: nyekundu ya chanjo, kijani ya dawa, nyeupe ya maji. Mimi nikatolewa kwenye chupa nikapewa daftari, kwa kuwa mbwa wa mtaa walikuwa wananijua na Dokta walishamng'ata suruali mara mbili. Kila asubuhi nipite nyumba kwa nyumba nihesabu kuku wenye uzi wa rangi ya pale, wazima wangapi, wagonjwa wangapi. Basi. Dokta alisisitiza neno hilo, basi. Lakini mtu aliyepewa daftari kwa mara ya kwanza maishani hawezi kuandika idadi tu. Mie niliandika kila kitu: nani anataga, nani ana kichefuchefu, kuku gani amekaa juu ya sufuria, mama mwenye nyumba kaamkaje.

Sasa nimlete jogoo. Bi Chausiku alikuwa na jogoo mwekundu aliyeitwa Diwani, kwa vile alivyokuwa anapita uani amevuta kifua, anasimama, anaangalia, na hafanyi lolote. Akiwika, naapa, Zanzibar walikuwa wanaamka. Uswahilini jogoo bora ni wa jirani wote. Mwenye mitetea na hana jogoo wa maana anabisha hodi, anasalimia, anazungumza habari za mvua kwa nusu saa, halafu anaomba. Jogoo anaondoka kwapani, anakaa kule siku mbili tatu, anarudishwa na kibaba cha mahindi cha asante. Siku ya tatu baada ya chanjo, nikiwa chumbani najipaka mafuta, nilimsikia, sauti ikivuka ukuta, Mama Zawadi wa nyuma ya msikiti akimaliza habari zake za mvua.

"Bi Chausiku, Diwani hana kazi leo?"

"Diwani lini akawa na kazi. Mchukue. Ila usimlaze na bata, ana maringo."

Akaondoka. Kwa Mama Zawadi siku mbili, kwa jirani yake siku tatu, akazunguka kichochoro chote cha nyuma ya msikiti, anakula nao, anakunywa nao bakuli moja, analala nao kijiti kimoja. Ng'ambo ya mtaro hakwenda, wao walikuwa na jogoo wao na kiburi chao. Na mimi kila asubuhi nikaandika, kwa ajili ya kunogesha tu: kwa Mama Zawadi, mitetea mitano uzi wa kijani, wazima, mgeni, Diwani.

Kideri kiliingia kiangazi, na ule upepo wa vumbi. Sitaki kutia chumvi hapa, na anayenijua atashangaa. Ng'ambo ya mtaro kuku walianza kuhara kijani, wakapinda shingo kama wanaotafuta kitu mgongoni, wakaanguka. Kulikuwa na bibi mmoja aliyewapanga kuku wake kwenye gunia, akawafunika kanga. Nilipomaliza kuandika nyumba ya mwisho nilirudi mpaka darajani nikakaa chini, sikuwahi kusikia mtaa wetu umenyamaza vile. Lakini nyuma ya msikiti kuku walikuwa wanaparua taka kama kawaida. Wenye uzi mwekundu, wazima, hilo lilitegemewa. Wenye uzi wa kijani, wazima. Dawa imeshinda.

Wiki ile Bi Chausiku alirefuka. Watu walikuja na madumu kutoka Mbagala, wakaja kutoka Mabibo sokoni kwa wauza kuku, sufuria jeusi likawa halipoi. Asubuhi chai yangu ikapandishwa cheo: chapati, na supu juu yake. Dokta alinipita korido ya kituo anapiga mluzi, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi hata kuguna. Aliniambia, dada Pili, wakubwa wanakuja Jumamosi, tutawaonyesha kwamba dawa ya kwetu inaweza kusimama na chanjo bega kwa bega. Nami nilifurahi. Niandike wazi, nilifurahi kuliko wote, maana nilikuwa nakaa nyumba moja na ushindi, ukuta kwa ukuta.

Jumatano jioni, darasani, Mwalimu Komba wa Baiolojia akafundisha chanjo. Mzee mwembamba, chaki imemwingia hadi kwenye nyusi. Alisema chanjo nyingine ni kirusi chenyewe kilichofugwa, kikafundishwa adabu, kikiingia mwilini kinamzoesha mwenye mwili kupigana kabla adui mwenyewe hajafika. Nikanyoosha mkono nikauliza, kwa kujionyesha, kama ile ya kuku nayo ni hivyo. Akasema ile ya tone la jicho ni hivyo hasa, kirusi hai kilichofugwa, na tena kina kizuri kimoja, hakikai kwa kuku mmoja. Kuku aliyechanjwa anaweza kumwambukiza mwenzake chanjo, wakila pamoja, wakilala pamoja. Yule konda akasema basi hicho kirusi kinapanda gari bila nauli, darasa likacheka. Mimi sikucheka. Magoti yangu yalikuwa masikioni na kati yake namwona Diwani kwapani mwa Mama Zawadi, anavuka kichochoro na uzi wake mwekundu mguuni.

Alhamisi nilimpelekea Dokta daftari. Nikamwonyesha mstari kwa mstari, Diwani alilala wapi, Diwani alilala wapi. Alisoma kurasa zote. Akafunga. Aliniambia, taratibu, kwamba nilitakiwa kuandika kuku wenye uzi wa rangi ya pale tu, kwa hiyo hayo mengine hayamo kwenye utafiti. Nikamwambia hayamo kwenye utafiti lakini yamo kwenye kuku. Akasema jogoo mmoja hawezi kuchanja kichochoro kizima, na mimi elimu yangu ni ya kuosha chupa na madarasa ya jioni, hilo niwaachie waliosomea. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayejiomba mwenyewe aamini. Miaka hii nimeshakuwa na watu chini yangu, na nimeshaona nilivyo nikiletewa daftari nisilolitaka, kwa hiyo simlaumu kama nilivyomlaumu siku ile. Siku ile nilimlaumu kwa kiasi cha kujaza godauni.

Lakini Dokta hakuwa tatizo langu. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Ijumaa nimekaa chumbani na sahani yangu ya kisamvu cha nazi, niliyowekewa na kufunikwa kawa kama kila siku, namsikia Bi Chausiku chumbani kwake anajifunza hotuba ya kesho. "Wageni wetu watukufu," anasema, halafu ananyamaza, halafu anaanza tena, "wageni wetu, mie sikusoma shule yenu." Alirudia mpaka nikaijua kuliko yeye. Nikajiambia, Pili, nyamaza, ni kuku tu. Nikakumbuka yale madumu ya Mbagala na Mabibo. Kuku wa nyumba zile hawakuwa wamelala na Diwani. Wenyewe wataacha kuchanja, watanywesha maji ya kijani, watalala wamepumzika, na kideri kitawafuata hukohuko. Nikaacha kula. Kwa wanaonijua, hiyo ni habari nzito kuliko yote niliyoandika hapa.

Jumamosi uani kituoni palikuwa na viti vya kukodi, soda, na wakubwa watano wenye miwani. Bi Chausiku kakaa mbele na doti jipya, kanga bado ina harufu ya duka. Dokta alieleza matokeo, wakapiga makofi, akauliza kama kuna mwenye neno. Hakumaanisha mimi. Nikasimama, nikafungua daftari langu mbele ya wote, nikasema kuna jogoo. Nikasoma. Mkubwa mmoja akaniuliza wewe ni nani. Nikamwambia naosha chupa, na jioni nasoma, na kuku hawa nimewahesabu mimi, kila siku, kwa miguu yangu, na asiyeamini aende akamuulize Mama Zawadi jogoo alilala wapi. Dokta akaniambia nikae. Nikamwambia sikai. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa nikae na nikakaa, siku ile miguu ilikataa.

Bi Chausiku akainuka. Niliona anavyokuja, nikashika daftari kwa mikono miwili kwa kuwa nilidhani atalichana. Akasimama karibu nami mpaka nikasikia udi kwenye kanga yake. Hakunitazama. Aliwatazama wale wenye miwani.

"Jogoo ni wangu," alisema. "Nilimwazimisha mie mwenyewe. Asemayo huyu ni kweli. Sasa nipeni kuku wengine kumi na wawili, si hawa wangu, wasioonja hicho kitone, wafungieni peke yao, mimi niwanyweshe kwa mkono wangu. Mkawatie na kideri humohumo. Dawa ikishinda, ishinde. Ila ishinde yenyewe, isibebwe na jogoo."

Dokta, kabla jua halijashuka, aliniambia Jumatatu nisije. Nyumbani nako hali ilikuwa hiyohiyo kwa njia nyingine. Siku tatu Bi Chausiku hakusema nami. Alisema na kuku, kwa sauti, chini ya dirisha langu. "Nyie kuku, mwambieni mpangaji wenu chai inapoa." Chapati zilikuwa zimerudi kuwa mihogo, lakini mwiko uligonga mara mbili kama kawaida. Siku ya nne wakubwa wakakubali jaribio lirudiwe, na Dokta akatuma mtu kumwita Bi Chausiku. Yeye akajibu kwamba hatatoa hata kijiko cha dawa mpaka anayehesabu awe Pili. "Huyo kashanitia aibu mara moja bila kuniogopa," aliwaambia, "mtu wa kunihesabia ni yeye." Basi nikarudi kituoni nikiwa nyuma yake, yeye kabeba chupa ya chai iliyojaa dawa, mimi daftari, na mlinzi getini akatufungulia kama tumekuja kulinunua godauni.

Mabanda yalikuwa matatu, la chanjo, la dawa na la maji, ya wavu, mbalimbali, kila moja na mhudumu wake. Vijana wa kituo walileta kuku mgonjwa mmoja kwa kila banda. Bi Chausiku alifika kila asubuhi. Alimshika kuku mmoja mmoja, akamfungua mdomo, akatia dawa, akamsemesha. Dokta alikuwa akisimama nyuma yetu mikono mfukoni. Siku ya pili alileta kiti cha Bi Chausiku, siku ya tatu alileta viti viwili. Siku ya tano mtetea mweusi alikataa kula. Siku ya sita shingo zikaanza kupinda. Nikiwa nahesabu, nilikuwa namwomba sana Mungu awaponye hata wawili, nipate pa kuanzia kumtetea. Bi Chausiku aliniona nasitasita na kalamu. Akasema, "Andika, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu Jumamosi ile ya viti vya kukodi. Banda la chanjo walikuwa wanawika. Banda la maji walikufa, na banda la dawa wakafa, kumi na wawili, wa mwisho mkononi mwake.

Alikaa na yule kuku mapajani muda mrefu. Halafu akaomba daftari na kalamu. Shule hakusoma, lakini chuo cha Kurani alihitimu, na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, mwandiko mzuri kuliko wa Dokta. Akanisomea: mimi Chausiku nimewanywesha kwa mkono wangu kuku kumi na wawili, wamekufa kumi na wawili, dawa yangu haiwezi kideri. Kulikuwa na mstari mwingine chini. Huo hakunisomea, alifunga daftari akanirudishia. Akamgeukia Dokta. "Haya, nifundishe hicho kitone."

Na hapo ndipo alipoanza. Kwa muda wote niliobaki naye, na miaka mingi baadaye, Bi Chausiku ndiye aliyechanja kuku wa Tandika, kila baada ya miezi michache, na kibuyu kidogo cha barafu na kichupa cha matone, anapita kichochoro kwa kichochoro na ile sauti yake. Diwani alipelekwa kila nyumba siku ya tatu baada ya chanjo, makusudi sasa. Sufuria jeusi hakulitupa. Kuku mwenye vidonda alimpaka shubiri, na mtu akimuuliza kuhusu kideri alimjibu nimeshaonja, haiwezi, leta kuku nimtie jichoni. Dokta aliandika ripoti yake upya, na kwenye ripoti akaweka jogoo. Mimi cheti cha kidato cha nne nilikipata mwaka uliofuata, nikasomea maabara, na kilichofuata wanakijua wanaokuja kuniomba barua. Leo kila wiki napata mtu wa kunieleza kwamba chanjo ni njama, na kila wiki mwingine wa kunieleza kwamba mizizi ya bibi zetu ni ushamba. Wote nawakatalia sawasawa. Nilimwona mwanamke akiipenda dawa yake kuliko wao wote wanavyopenda maneno yao, na akaipeleka kupimwa kwa mikono yake mwenyewe.

Nilikuwa na daftari ndani ya pochi. Nilikuwa nimekuja nalo nimpe Shabani, liwe kumbukumbu ya bibi yake, nikiwa sijui habari za chupa. Nikamwambia, Shabani mwanangu, barua unayotaka ilishaandikwa, na aliyeiandika ni mwenye dawa. Nikafungua ukurasa. Yeye herufi zile hazijui, akamwita maalimu wa madrasa aliyekuwa anakula karibu nasi. Maalimu akafuta mkono, akasoma kwa sauti, watu wa meza ile wakageuza viti, na wa meza ya pili. Kumi na wawili, wamekufa kumi na wawili, dawa yangu haiwezi kideri. Halafu akafika kwenye ule mstari niliokaa nao miaka yote hii bila kumpa mtu anisomee, kwa kuwa mwenyewe hakunisomea.

"Nikifa," akasoma maalimu, "asiniongezee mtu."

Mzee mmoja nyuma akacheka peke yake, akasema ndo yeye huyo. Shabani aliishika ile chupa, akaigeuza, ukaona kama anaisoma lebo kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo anti, bibi alishindwa?"

"Alishindwa," nikamwambia. "Mbele ya watu, kwa kuomba mwenyewe, na akasaini. Nitajie mtu mwingine."